Leseni mkononi, alama ya X ukutani

Mama mdogo wangu anaishi Kitunda, Dar es Salaam. Karatasi yake ya mauziano, iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu mwaka 2006 na kugongwa mhuri wa serikali ya mtaa, inasema kiwanja chake kinapakana upande wa magharibi na "mwembe mkubwa". Mwembe wenyewe ulishakatwa. Karatasi inakaa ndani ya kopo la biskuti, na hakuna jirani aliyewahi kumbishia. Sijui kama serikali nayo itaiheshimu siku barabara ikipita pale.

Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na wengi wao wanaishi kwenye maeneo ambayo hayakupimwa. Kwao usalama wa kiwanja ni karatasi za namna hii.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini. Mwananchi hupewa hati ya kumiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Wapo wanaoona ugonjwa umeanzia hapo, kwamba tungeuziana ardhi iwe yetu ya kudumu tungelala usingizi. Sikubaliani nao sana. Umiliki wa kudumu ulifutwa mwaka 1963 kwa hofu kwamba wenye fedha wangezoa ardhi na wengine wabaki wapangaji, na ukitazama bei za Masaki leo hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Isitoshe, dalali wa Chanika hajawahi kumuuliza mnunuzi habari za mdhamini. Watu wanauziana tu.

Tatizo naliona mahali pengine: serikali ya dirisha moja haibanwi na kile ilichokisema kwenye dirisha la pili.

Chukua Kimara. Mwaka 2017 nyumba za kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zilipigwa X nyekundu kisha zikabomolewa. Serikali ilikuwa na hoja nzito: hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, pale ni mita 121.5 kila upande, kwa sheria iliyoanzia enzi za mkoloni, na aliyejenga ndani yake hana fidia. Anayepita sasa njia nane za Kimara hadi Kibaha, zilizochukua kilomita 19.2, hawezi kusema barabara haikuhitajika. Lakini zile nyumba zilikuwa na umeme na maji, wenyewe walilipa kodi ya majengo, na baadhi yao walisema wana hati. Umeme hauingii nyumbani kwa kuvizia. Kama eneo ni hifadhi, mlipakodi alistahili kuambiwa siku ya kwanza anapolipa, kabla hajamwaga zege.

Kigamboni ilikuwa kinyume chake. Hapakuwa na bomoabomoa kama ya Kimara, ila mpango wa mji mpya ulipotangazwa mwaka 2008 watu walizuiwa kuendeleza maeneo yao, na miaka ikapita hawajui waezeke au wangoje fidia. Kupoteza usalama wa ardhi si lazima tingatinga lije.

Leseni ya makazi, kibali cha muda kwa mwenye nyumba kwenye eneo lisilopimwa, iliyoanza kugawiwa jijini mwaka 2004, ilikuwa jaribio zuri la kuwatambua watu pale walipo, na baadhi ya wakopeshaji huipokea kwa mikopo midogo. Ila ni ya miaka michache tu, lazima ihuishwe. Ndiyo maana urasimishaji, yaani kupima makazi ambayo watu wameshajenga, unaozaa hati kamili naupa alama kubwa zaidi: unaacha njia za mtaa kabla hazijamezwa, na mwenye hati ana la kusimamia mahakamani.

Hata hivyo hati nayo ina gharama yake. Ukishaipata, kodi ya pango la ardhi inakufuata kila mwaka, na ukikaidi kulipa unaweza kufutiwa umiliki. Mama mdogo analijua hilo kuliko mimi. Kampuni ya upimaji ilikusanya michango mtaani kwao, ikafukia bikoni, yale mawe ya kuonyesha mipaka, na tangu hapo anasubiri hati. Nilipomuuliza kwa nini hafuatilii, alicheka: "Mwanangu, hiyo hati ikija, na bili yake inakuja." Bikoni iko nyuma ya banda la kuku. Risiti ya mchango ameiweka kwenye kopo lilelile la biskuti.