Mzee wa El Paso anamjua Nyambui kuliko mimi

Kuna mzee tunafanya naye kazi stoo hapa El Paso, shabiki wa chuo kikuu cha mji huu tangu utoto wake. Aliposikia natokea Mwanza hakuniuliza habari za simba wala Kilimanjaro. Aliniuliza, "Nyambui hajambo?" Kisha akanimwagia sifa za mkimbiaji wetu huyo wa Tanzania: ubingwa wa vyuo vya Marekani mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, mbio za nyika 1980, na mwaka huohuo medali ya fedha Moscow, mita 5,000, nyuma ya Yifter wa Ethiopia. Mimi, mtoto wa ziwa lilelile linalopiga Majita kwa kina Suleiman Nyambui, nilikuwa najua ya Moscow tu. Hayo mengine yote aliyafanya akiwa mwanafunzi hapahapa UTEP, chuo hicho cha El Paso anachokishabikia mzee. Nilijisikia fahari kama dakika mbili hivi, halafu nikanuna hadi zamu ikaisha.

Najua, mmeshaanza. "Dada wa Texas karudi na majigambo yake." Subirini kwanza.

Hawa Wamarekani wanaandika michezo ya vyuo vyao. Basi. Mashindano ya kwanza kabisa kati ya vyuo vyao yalikuwa ya makasia, Harvard na Yale, mwaka 1852, kwenye ziwa moja huko New Hampshire, na nauli ililipwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria. Harvard wakashinda. Mpira wao wa Kimarekani wa vyuo ulianza 1869, Rutgers 6, Princeton 4. Ziwa, makasia na mfanyabiashara anayetaka kujitangaza: sisi wa Mwanza tumekosa kipi hapo? Mliowahi kusimama ufukweni kushangilia mitumbwi ya mashindano ya kampuni ya bia, nijibuni.

Sasa nenda kwenye chuo nilichosoma mimi. Sikitaji, msije mkanitafutia kesi. Nilikuwa GS, yaani mfungaji, wa netiboli, na jezi tuliazima kwa wavulana wa mpira wa miguu, zikiwa bado mbichi kwa jasho lao. Tulichukua kombe. Juzi nikamwandikia aliyekuwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi enzi zetu, nikamwomba hata majina ya wachezaji. Akanijibu kwa vicheko kwamba kombe lenyewe lilipotea walipohamisha ofisi, na majina labda anayo kocha. Kocha naye alishahama mkoa.

"Wao wana hela." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hela wanazo, tena hadi zimewalevya. Hapa Texas kocha wa mpira wa chuo analipwa mshahara ambao gavana anausikia tu. Lakini daftari la kaunta kwaya mbili ni bei gani pale Makoroboi, Mwanza?

Na asije mtu akaniambia Mwafrika hana utamaduni wa kutunza kumbukumbu. Simama kijiweni Kirumba useme Simba hawajawahi kumfunga Yanga sita. Utatajiwa 1977, utatajiwa na Kibadeni aliyefunga matatu, na bibi muuza dagaa atakukumbusha kwamba 1968 ni Yanga waliopiga tano. Hakuna aliyesoma hayo shuleni. Tunatunza tunachokiheshimu, na mechi za wanafunzi tumeziweka kundi moja na bonanza: watu wanakula wali, wanapiga picha na mgeni rasmi, kesho yake kila mtu anasubiri bumu, hela ya mkopo.

Wala sisemi hawa ni malaika. Ilibidi itungwe sheria mwaka 1972 ndipo vyuo vyao vianze kuwapa wasichana nafasi ya maana michezoni, wakati kwetu netiboli ya shule za wasichana ilikuwepo zamani. Chuo hikihiki cha El Paso, kikiitwa bado Texas Western, ndicho kilichoanza fainali ya kikapu ya 1966 na weusi watano, kikawafunga Kentucky 72 kwa 65, na kuna wazungu walioona kama mbingu zimeanguka. Tofauti ni kwamba hata aibu zao wameziandika, na mzee wa stoo anazijua.

Kwa hiyo waziri wa michezo wa mwaka huu, chuo chochote kile cha Mwanza kuanzia Malimbe hadi Bugando: tarehe, uwanja, matokeo, majina yote hadi ya waliokaa benchi. Nakala moja maktaba, nyingine uitume kwenye simu za watu. Hiyo ni kazi ya jioni moja, haihitaji mfadhili wala kikao cha kamati.

Mpaka hapo, ile fainali yetu naitangaza mimi: tulishinda kwa mabao kumi na tisa, na mengi niliyafunga mimi. Anayebisha alete daftari.