Barua ilinifuata Minneapolis, Mama bado anakwenda na kurudi Posta

Wiki iliyopita nimepokea hundi ya dola 41 na senti 18. Ni fungu langu katika kesi ya wanahisa waliodai kwamba kampuni moja ya hapa Marekani ilificha hali halisi ya mauzo yake. Hisa zilipanda, ukweli ulipotoka zikaporomoka, nami nikapoteza kama dola 900. Kampuni imelipa kesi iishe, bila kukiri kosa, na mawakili wamekata chao kwanza. Hilo limeniuma.

Lakini hundi hiyo sikuihangaikia. Barua ndiyo iliyonitafuta: ulinunua hisa kati ya tarehe hii na hii, kwa hiyo kesi inakuhusu, jaza fomu, au jitoe ukashtaki mwenyewe, au mwandikie jaji kwamba malipo hayatoshi. Maridhiano ya namna hii hayapiti mpaka jaji aridhike kuwa yanawatendea haki hata wasiofika mahakamani. Wala sikutakiwa kuthibitisha kwamba niliisoma taarifa ya uongo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1988, kwa hisa za soko kubwa huchukuliwa kuwa uongo umeshaingia kwenye bei. Wanahisa wa Enron, iliyoanguka 2001, walipata zaidi ya dola bilioni 7, nyingi zikitoka kwa mabenki.

Sasa njoo Tandika, Dar es Salaam, kwetu Tanzania. Mama alinunua hisa kwa hela ya kikoba. Hati yake ameiweka kwenye bahasha ya kaki, chini ya kanga ambazo hajazivaa bado. Kampuni ilitangaza mwaka mzuri, halafu bei ikaanguka. Amepanda daladala hadi Posta mara tatu kuuliza. Mara zote: "Mama, subiri soko."

Mama si mnyonge. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka alisimama akamuuliza mwenyekiti faida ile imekwenda wapi, ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi huku sijawahi kumwona mkurugenzi hata mmoja. Ila makofi hayakumrudishia shilingi.

Na si kwamba sheria haipo. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya Kwanza, Kanuni ya 8, inamruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya wengi wenye shauri moja, akipata kibali cha mahakama, na wenzake wapewe taarifa. Soko letu la hisa linafanya kazi tangu 1998, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayolisimamia, ipo. Ninachoiomba mamlaka hiyo ni kuwa upande wa mwenye hisa mia mbili: imsaidie kuwapata wenzake, kwa sababu daftari la wanahisa yeye hana.

Namba ya simu ya Mama kampuni inayo. Gawio la elfu nane likiingia, simu inalia siku hiyohiyo. Meseji ya kumwambia kuna kesi na yeye yumo ingepita njia hiyohiyo.