Bibi anasema trekta lako lina homa

Aisee wacha niwape hii, maana mama mkwe keshapanda ndege karudi zake Tanga na sasa hivi naweza kucheka.

Mimi naishi Ohio, nje kidogo ya Columbus, na kosa langu la kwanza ni kununua nyumba yenye uwanja wa eka mbili. Mtu wa Morogoro ukimtajia eka mbili anawaza mahindi, hawazi nyasi, kumbe huku nyasi ndo zao lenyewe, tena halivunwi wala haliuzwi. Mwezi wa tano mvua ikinyesha na jua likatoka, unakata Jumamosi, Alhamisi zinakutekenya magoti, na ukizembea unaletewa barua ya onyo. Basi nikanunua trekta dogo la kukatia nyasi, used, dola 700, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Halina klachi wala gia za kuchomeka, ni zile haidrostatiki, unakanyaga pedali linaenda mbele, unakanyaga nyingine linarudi, ndani kuna pampu inasukuma oili, oili inazungusha mota, mota inazungusha matairi, kwisha. Mzee akanambia halina tatizo lolote. Na kweli kwake halikuwa nalo.

Siku hiyohiyo nikalifanyia marekebisho yangu madogo. Kazi ya juani inataka maji ya kunywa, nikachukua dumu la lita tano nikaliweka kwenye bati la nyuma ya kiti, nikakata ukanda wa tyubu ya baiskeli mbovu ya mtoto, nikalifunga vile tunavyofunga mizigo kwenye keria, mpira umevutwa mpaka unalia. Upande mmoja nikaushikiza kwenye bampa, upande wa pili kwenye kichuma kimoja kilichochomoza nyuma chenye kichwa kizuri, utadhani kiliwekwa kwa kazi hiyo. Nikasimama kando nikajisifu. Wazungu hawana huu ujuzi.

Jumamosi nikaingia kazini. Dakika ishirini safi kabisa. Baada ya hapo, kwenye kale kamlima ka nyuma ya nyumba, trekta likaanza kulegea, nakanyaga pedali mpaka mwisho, injini inanguruma vizuri tu ila matairi yanajivuta kama mtu anapelekwa shule, mara likasimama kabisa, na baadaye likaanza kurudi kinyumenyume taratibu na mimi juu yake. Nikashuka, nikafungua dumu nikanywa maji, nikasoma kile kitabu chake. Kumbe kile kichuma cha nyuma ukikivuta, oili ndani inapita njia ya mkato, haiendi kwenye mota, matairi yanakuwa huru na unaweza kulisukuma kwa mikono. Nikakivuta. Nikalisukuma mpaka gereji, kaptula inashuka, jasho linatiririka, na dirishani mama mkwe amekaa na ungo wake anachambua mchele, anaona yote.

Sasa mambo ya ukwe mnayajua. Mama yule heshima zake za zamani, alikuja miezi mitatu na sidhani kama aliniangalia usoni mara mbili, akiwa na neno na mimi, tumekaa sebule moja, hatua tatu, anampa binti yangu wa miaka saba alilete. "Mwambie baba yako chakula tayari." Nami nimesikia vizuri kabisa ila nangoja tarishi afike.

Nikaanza ufundi. Nikafungua chini ya kiti, juu ya ile gia boksi kuna feni ndogo ya plastiki ya kuipooza, mapanga mawili yamekatika, na mapezi ya kutolea joto yamejaa nyasi kavu na kiota cha panya. Nikasema nimeshampata mchawi! Nikasafisha, nikanunua feni mpya, nikalijaribu uani, likapanda kilima kama mbuzi. Jumamosi likagoma palepale.

Nikabadilisha mkanda, maana mkanda ukiteleza pampu haizunguki inavyotakiwa. Likajaribiwa, mbuzi. Jumamosi, likagoma.

Nikanunua kipimajoto kile cha kumulika kama tochi. Lilipogoma tu nikaruka, nikamulika gia boksi, ikaandika 228. Jamani nilikimbia, nikamwambia mama watoto toa watoto nje chombo hiki kinalipuka. Mke wangu akatoka, akaangalia, akasema "Baba nanihii, hizo ni za Farenhaiti." Tukapiga hesabu, nyuzi 109 za kwetu. Si mlipuko, ila maji ya chai yanachemka hapo na kubaki. Kule dirishani nikasikia maneno mawili matatu, kisha tarishi akaja mbio. "Baba, Bibi anasema trekta lako lina homa."

"Mwambie asante."

Wiki ya nne ndo nikafanya kazi ya kiume. Oili ikipikwa sana inachoka, na hii gia boksi haina hata plagi ya kumwagia chini, lazima uishushe yote uipindue kama kuku wa kuchinja. Nikaishusha. Oili ikatoka nyeusi inanuka kama maandazi yaliyosahaulika kwenye karai. Nikajaza mpya, 20W-50 kama kitabu kilivyosema, nikarudisha, nikapandisha matairi ya nyuma kwenye jeki ili nitoe hewa, na kutoa hewa unafanyaje? Unakivuta kile kichuma, unawasha injini, unakanyaga pedali mbele na nyuma mara sita, unazima, unakirudisha ndani, unawasha tena, mbele na nyuma mara sita. Nilirudia zoezi zima mara tatu. Yaani nimekishika kile kichuma kwa vidole vyangu, nakijua kazi yake, ningekufanyia mtihani ungefeli. Nikamaliza, nikalijaribu saa nzima, tamu. Nikafuta mikono, nikajaza maji, nikafunga dumu langu na mpira wangu palepale, nikaenda kukata nyasi.

Dakika ishirini na mbili.

Nilikaa chini kwenye nyasi nikaangalia mawingu ya Ohio. Nikawaza kulichoma moto. Mtoto akaja, safari hii anatembea polepole, anarudia ujumbe mdomoni asiusahau.

"Baba. Bibi anasema, anauliza, siku ukiwa unajaribu unabeba maji?"

"Hapana. Kujaribu tu maji ya nini?"

Akaenda. Akarudi.

"Bibi anasema kile kijiti huwa kimeingia ndani. Ukifunga dumu kinatoka nje. Anasema ule mpira unakivuta."

Niligeuka nikaangalia. Kichuma kimechungulia nje kama sentimita mbili hivi, mpira umekikamata shingoni, umekaza. Sikujibu kitu. Nikaufungua mpira, nikasikia *tak*, kikarudi chenyewe nyumbani kwake.

Kumbe kilikuwa kinavutwa nusu. Oili ikiwa baridi ni nzito, haipiti kirahisi kwenye upenyo mdogo, trekta linatembea na mimi najiona fundi. Ikianza kupata moto inakuwa nyepesi, inakimbilia ule mkato, inazunguka bure humohumo, na kadiri inavyozunguka bure ndivyo inavyozidi moto, mpaka mota haipati kitu. Na kila likigoma, mimi mwenyewe nafungua dumu ninywe maji, nakivuta kichuma, nasukuma, nafika gereji nakirudisha ndani, oili imeshapoa, ushahidi wote umefutika. Wikiendi nne, na dola kama 180 za vipuri. Ile feni sawa ilikuwa mbovu kweli, siilaumu. Mkanda ulikuwa mzima kabisa, ninao mpaka leo.

Niliwasha nikakata eka zote mbili bila kusimama, nikapita mbele ya dirisha mara mbili zaidi ya ilivyohitajika. Nilipozima tarishi alikuwa ameshafika.

"Bibi anasema kule kwenye uzio umeacha."

Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege nikabeba sanduku lake, zipu ilishaachia siku nyingi, limejaa zawadi limevimba. Katikati limezungushwa mpira mweusi wa tyubu, umevutwa mpaka unalia. Nikamwangalia mke wangu, mke wangu akaangalia pembeni, mtoto akanishika mkono.

"Baba, Bibi anasema wewe huna kazi nao."