Tafuta wafugaji kabla ya kutafuta sungura

Anayetaka kufuga sungura Nairobi huanza na fundi wa vizimba, kisha muuza sungura wa mbegu, kisha agroveti. Wafugaji wenzake huwakumbuka mwisho, siku watoto wa sungura wanapoanza kuhara au jike anapozalia juu ya waya. Nashikilia kwamba mpango huo umekaa kichwa chini miguu juu. Nauli ya matatu ya kwenda kuona mabanda matatu, tuseme moja Ruai, jingine Kikuyu na jingine Rongai, ina faida kuliko sungura wowote utakaowanunua mwezi wa kwanza. Nenda kabla hujalipa fundi hata shilingi.

Miaka ya 2010 watu wengi waliuziwa mbegu kwa bei ya juu na ahadi kwamba watoto wote, na hata mkojo, vitanunuliwa tena na aliyewauzia. Wauzaji hao wengi walitoweka, vizimba vikabaki. Ahadi ya namna hiyo ikikujia leo, omba kukutanishwa na wafugaji watatu ambao wameshalipwa na mtu huyo zaidi ya mara moja. Wasipopatikana, weka pesa zako mfukoni.

Ukifika kwenye banda la mtu, anza na pua. Mkojo wa sungura hutoa amonia, na banda linalokuwasha macho ukiwa umesimama linamwumiza zaidi anayelala karibu na mkojo huo usiku na mchana. Njia yake ya hewa huchubuka, na bakteria wa mafua, Pasteurella, hupata pa kuingilia. Kisha mshike sungura. Angalia upande wa ndani wa miguu ya mbele: mwenye mafua hujifuta pua hapo, na manyoya hugandamana. Geuza nyayo za nyuma utafute vidonda vya waya. Chungulia sikioni, magamba ya hudhurungi ni kazi ya utitiri. Fungua midomo uone meno, ya juu yanapaswa kufunika ya chini kidogo. Meno yaliyopishana mara nyingi ni ya kurithi, na sungura huyo hafai kuzalishwa hata akiwa na kilo tano.

Halafu omba daftari. Unatafuta tarehe ya kupandishwa, jina au namba ya dume, tarehe ya kuzaa, waliozaliwa hai, waliokufa, na walioachishwa kunyonya. Hiyo safu ya mwisho ndiyo muhimu. Jike anayezaa kumi na kuachisha watatu ni hasara yenye sifa nzuri. Nunua mabinti wa jike aliyeachisha sita au zaidi mara mbili mfululizo, wawili wa mama tofauti, wakiwa na miezi mitatu hadi minne. Watakuwa wamezoea kwako ifikapo miezi mitano au sita, umri wa kupandisha sungura wa aina ya New Zealand White na California. Flemish Giant asubiri hadi miezi minane au tisa. Mtu akikuuzia jike kwa maneno "huyu tayari ana mimba", mwombe aipapase mbele yako. Wengi wanaosema hivyo hawajui.

Dume usinunue bado. Dume mmoja anatosha majike wanane hadi kumi. Akila gramu 130 za peleti, yaani chakula cha dukani kilichoshindiliwa, kwa siku, kwa mwaka amekula takriban kilo 47, na ukiwa na majike wawili tu kilo hizo zote zinabebwa na watoto wachache. Wafugaji wanne wenye majike wawiliwawili wanahitaji dume mmoja mzuri, wa ukoo mwingine kabisa. Kituo cha serikali cha Ngong na chuo cha JKUAT kule Juja ni mahali pa kuulizia. Mwenye dume alipwe mtoto mmoja aliyeachishwa kwa kila uzao, au pesa mtakazokubaliana, na binti za dume huyo zisirudishwe kwake. Bila daftari hamtajua binti ni yupi.

Jike ndiye anayesafiri. Ingekuwa hivyo hata kama dume angekuwa kwako, kwa sababu jike hulinda kizimba chake na anaweza kumuuma dume hadi amjeruhi. Kabla ya kumweka kwa dume, wakague sehemu za siri, wote wawili. Vidonda au magamba hapo ni kaswende ya sungura, haimwambukizi binadamu lakini huzunguka kundi zima kupitia dume mmoja. Anayepiga chafya asipokelewe, hata kama mwenyewe ni rafiki. Uke ukiwa mwekundu na wenye unyevu, jike yuko tayari. Ukiwa mweupe na mkavu, rudi siku nyingine. Simama pale uangalie. Dume akimaliza huanguka ubavuni, mara nyingi na kasauti, na yote hayo huchukua chini ya dakika moja au mbili. Jike wa sungura hutoa mayai kwa sababu ya kupandwa, saa kumi hadi kumi na mbili baadaye, na ndiyo maana wengi hurudia baada ya saa nane au zaidi. Kama umetoka mbali, mrudishie dume baada ya saa moja, kisha umpeleke nyumbani. Januari hadi Machi safiri alfajiri.

Joto ni adui wa dume kuliko watu wanavyodhani. Chini ya mabati yasiyo na dari, mchana wa Februari, kizimba hupita nyuzi 30, na mbegu zake huharibika. Kurudi katika hali yake huchukua karibu miezi miwili. Mwenye majike wawili peke yake atalaumu majike, atawauza, atanunua wengine. Wanne wakilinganisha madaftari wataona kwamba majike wote wanane walikosa mimba wiki zilezile, na watapandisha paa, waweke makuti au magunia juu ya mabati, mambo yaishe. Sijui hoja nzuri kuliko hiyo ya kufuga kwa kushirikiana.

Kuna ujuzi mmoja ambao maandishi hayaufundishi vizuri, nao ni kupapasa mimba. Hufanywa siku ya 12 hadi 14. Mweke jike juu ya meza yenye gunia ili asiteleze, kichwa kikielekea kwako. Mkono mmoja ushike ngozi ya mabega, mwingine upite chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, kidole gumba upande huu na vingine upande ule, ukienda nyuma taratibu bila kubana. Vijusi ni vya mviringo, laini, ukubwa wa gololi, na huteleza ukivigusa. Mavi ni magumu, madogo zaidi, yamejipanga karibu na uti wa mgongo. Kosa la kawaida ni kuhesabu mavi. La pili, baya zaidi, ni kubonyeza kwa nguvu na kuua kilichomo. Dawa yake ni kumpapasa mwenye mimba na asiye nayo siku hiyohiyo, kwa mwenye majike kumi, yeye akiongoza vidole vyako. Jioni moja inatosha. Ukijua siku ya 14 kwamba hakushika, umepoteza wiki mbili badala ya mwezi na zaidi. Akianza kung'oa manyoya siku ya 16 hadi 18, hiyo ni mimba ya uongo. Mpandishe tena, huu ni wakati mzuri.

Mimba huchukua siku 31, mara nyingi kati ya 30 na 32. Sanduku la kuzalia liingie siku ya 28. Ukiliweka mapema atalifanya choo. Kwa sungura wa kilo nne, sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 45, upana 30 na kimo 30 linafaa, upande wa mbele ukatwe ubaki sentimita 15 ili aingie bila kurukia watoto. Toboa matundu sakafuni. Weka maranda sentimita tano, juu yake nyasi kavu za boma Rhodes. Vumbi la mbao lisitumike, huziba pua za watoto.

Hapa ndipo penye vifo vingi, na ndipo wenzako wanapokufaa zaidi. Pandisheni majike wenu siku moja. Jike huwa na chuchu nane, wengine tisa au kumi. Mmoja akizaa kumi na wawili na mwingine wanne, hamisheni ili kila mmoja anyonyeshe wanane. Fanyeni hivyo ndani ya siku tatu za kwanza, tofauti ya umri isizidi siku mbili au tatu. Hamisheni wale wakubwa, wana nguvu ya kushindania chuchu ugenini. Mtoe mama kizimbani, changanya wageni na wenyeji, wafunike kwa manyoya ya kiota hicho, subiri nusu saa harufu ziingiane, kisha mrudishe. Wageni watie alama ya kalamu ya wino sikioni na uirudie inapofifia, la sivyo daftari limeharibika. Watoto wavuke kutoka nyumba hadi nyumba pale tu ambapo mabanda yote mawili hayana mafua. Jike akifa siku ya pili na huna mama mwingine, maziwa ya ng'ombe kwa sindano huokoa wachache mno; mama wa kambo huokoa karibu wote.

Usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi nyuzi kumi hivi, na mtoto wa sungura huzaliwa bila manyoya. Aliyezaliwa nje ya sanduku utamkuta asubuhi amekuwa baridi kama jiwe. Usimtupe. Mpashe moto kwanza, kifuani mwako au juu ya chupa ya maji vuguvugu iliyofungwa kitambaa, hadi aanze kujinyonganyonga, ndipo umrudishe kwa wenzake. Usimnyweshe akiwa baridi. Anayeanza hudhani mama amewakataa watoto kwa kuwa halali nao. Jike hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika tatu hadi tano, basi. Angalia matumbo: yaliyoshiba ni ya mviringo na maziwa yanaonekana meupe kupitia ngozi. Yaliyokunjamana siku mbili mfululizo ndiyo ya kukutia wasiwasi. Na mama anywe maji bila kikomo. Anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima kwa siku, na kiu ni sababu mojawapo ya jike kula watoto wake. Akiwapoteza wa kwanza mpe nafasi nyingine. Akirudia mara ya tatu, achinjwe.

Ushauri wa wenzako una upande wa hatari, nao ni dawa. Amoxicillin, ampicillin na penisilini za kunywa, ambazo mtu humpa kuku au mbwa bila shida, huua bakteria wema wa tumbo la sungura, na baada ya siku chache anaendesha na kufa. Fipronil ya viroboto ni sumu kwake. Utitiri hutibiwa kwa ivermectin ya kuchoma chini ya ngozi, mikrogramu 200 hadi 400 kwa kila kilo, ikirudiwa baada ya siku 14, na kipimo hicho akipime daktari wa mifugo kwa sababu dawa ya chupa ya ng'ombe ni kali na tone moja la ziada ni kosa kubwa. Mwenzako akikupa dawa, uliza kilichomo ndani, si jina la chupa.

Watoto waachishwe wakiwa na wiki sita. Mwondoe mama, waache wao pale wanapopajua. Wiki zinazofuata ni za koksidia, vimelea vya utumbo. Vimelea hutoka na mavi, na huhitaji siku moja au zaidi kwenye unyevu kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kuondoa mavi kila siku na kukausha sakafu kunashinda chupa nyingi za dawa. Usibadilishe chakula ghafla. Changanya cha zamani na kipya kwa siku saba. Nyasi kavu ziwepo saa zote. Mabaki ya kabichi na sukuma wiki kutoka sokoni yakimwagwa kwa wingi huharibu tumbo, na majani ya avokado, nyanya na waru yasiingie kabisa. Majani ya viazi vitamu ni mazuri, yakinyaushwa kwanza.

Wanaoishi pembezoni, Ngong na Kikuyu, watie miguu ya vizimba kwenye mikebe ya oili chafu. Siafu humaliza kiota usiku mmoja.

Wakifa wawili kwa siku moja, acheni kubashiri. Mpelekeni mmoja Kabete, maabara ya mifugo, siku hiyohiyo, akiwa amepozwa bila kugandishwa, na majibu yafike kwa kila aliyetumia dume lenu.

Kuhusu soko, fanyeni hesabu pamoja. Sungura hula kilo tatu na nusu hadi nne za peleti kwa kila kilo ya uzito anayoongeza. Wa kilo mbili akichinjwa hubaki nusu yake hivi, kwa hiyo kilo moja ya nyama imebeba kilo saba au nane za peleti kabla hujahesabu mama, maji na jasho. Zidisheni kwa bei ya gunia la leo kabla ya kutaja bei kwa yeyote. Majike wanane, wakizaa mara tano kwa mwaka na kuachisha sita kila mara, ni sungura 240, yaani wanne au watano kwa wiki. Hoteli ikiagiza ishirini kila wiki, wenye uzito sawa na nyama iliyokaguliwa, mnahitaji majike thelathini na watano hivi. Mwambieni mwenye hoteli mtampa wanne.