Raba za Kongowea na mbio za kilomita mia

Wakimbiaji wa Mombasa wanaojiandaa kwa mbio za kilomita hamsini, themanini au mia wana hukumu moja ambayo sasa imekuwa kama sheria: kiatu cha mtumba ni cha kutembelea, hakifai kushindania. Anayetokea soko la Kongowea na raba aliyoichagua kwenye lundo huambiwa ataumia goti, au ataachia njiani kabla ya nusu. Naona hukumu hiyo haijapimwa vizuri, na wanaoumizwa nayo ni vijana wenye mbio nzuri ambao hawana pesa ya duka.

Hoja ya wanaopinga mtumba si ya kipuuzi. Juu ya soli ya nje kuna sponji, na katika raba nyingi sponji hiyo ni EVA, plastiki iliyojaa vitundu vidogo vya hewa. Kila unapokanyaga, vitundu hubanwa na kurudi, mpaka siku vinapochoka na kubaki vimelala. Kilomita mia zina hatua zaidi ya laki moja, kwa hiyo sponji iliyokufa italipiwa na magoti na nyonga. Halafu kiatu hicho kilishamzoea mtu mwingine. Kama alikanyagia ndani, kimelalia ndani, nawe unarithi upogo wake. Kuna na unyevu wetu wa pwani. Soli za polyurethane, plastiki ya aina nyingine, huharibiwa na unyevu hata zikikaa tu bila kuvaliwa, zikaanza kumeguka vipande, na gundi nayo huachia. Hilo la mwisho nalichukulia kwa uzito mkubwa, na nitalirudia.

Lakini hukumu yote imesimama juu ya tarakimu moja ambayo kila mtu anaitaja: kiatu cha kukimbilia huishi kilomita 500 hadi 800. Ni kadirio la jumla. Halijui uzito wako, halijui kama unakimbia lami au mchanga, halijui sponji ni ya aina gani. Hata hivyo tuikubali kama ilivyo, kisha tuipigie hesabu. Chukua mtu wa kazi na familia anayejiandaa kwa kilomita mia: wiki 16 za mazoezi, kilomita 60 kwa wiki. Jumla ni 960. Kiatu alichonunua kipya siku ya kwanza kinapita 500 katika wiki ya tisa, na katika wiki ya kumi na nne kimeshapita 800. Akisimama kwenye mstari wa kuanzia nacho, basi kwa sheria ile ile amevaa kiatu kilichokufa. Akitaka kuitii sheria, anunue jozi mbili. Jozi moja mpya ya njia za milimani kutoka kampuni kubwa huko nje ni dola 140 hadi 180, yaani takriban shilingi elfu 18 hadi 23, kabla ya usafiri na ushuru. Ninaowaona hapa hununua moja. Wanaifanyia mazoezi mpaka inachoka, wanashindania hiyo hiyo, na bado wanamcheka mwenye mtumba.

Kwa hiyo linalofaa kuulizwa ni kiatu kimebakiza nini, na hilo mtu mwenye macho na vidole analiona.

Nenda Kongowea jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto na kusimama, na uende na soksi utakazokimbilia. Ukipata siku robota linapofunguliwa, ukafika kabla kamera, yaani zile bora za robota, hazijachukuliwa, utaona raba za milimani ambazo meno ya soli bado yana ncha. Geuza kiatu kwanza: tazama meno ya ukingo wa nje wa kisigino na yale yaliyo chini ya kidole gumba, maana hapo ndipo huanza kulika. Kiweke juu ya meza ya muuzaji, ukiangalie kwa nyuma kwa usawa wa jicho. Kikiegemea upande, kirudishe hata kama ni kisafi kama kipya. Bonyeza sponji kwa kidole gumba kutoka ubavuni. Iliyo hai hurudi kama boflo la asubuhi, na iliyokufa hubaki na mikunjo ya kulala, mistari myembamba inayozunguka kisigino. Toa soli ya ndani. Kama alama za vidole vya mwenyewe zimechimbika pale, huyo alikikimbilia sana. Mwisho kikunje kwenye vidole usikilize gundi. Ikilia na kuonyesha mwanya, au sponji ikitoa unga mkononi, hiyo ndiyo polyurethane iliyoliwa na unyevu, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Dukani hufanyi hata nusu ya haya, kwa sababu unaliamini neno «mpya». Na neno hilo hapa mjini lina shida zake. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, lakini raba zenye nembo za kampuni kubwa zilizotengenezwa kusikojulikana bado zimejaa sokoni, zikiwa kwenye boksi na karatasi yake. Mtumba unaotoka kwenye kabati la mtu wa Ulaya aghalabu ndio ulio halisi.

Kisha kuna umbo la mguu. Watu waliokua wakitembea pekupeku huwa na mguu mpana kwa mbele, na wengi wa pwani ni sisi hao. Duka la kawaida huleta raba za lami, nyembamba mbele, kwa saizi chache. Kwenye lundo unakuta kila umbo: Hoka zenye sponji nene, ambazo kampuni yake ilianzia Ufaransa mwaka 2009, na ukibahatika Altra, yenye nafasi kubwa ya vidole na kisigino kilicho sawa na mbele. (Hiyo ya pili izoee polepole, inavuta sana misuli ya nyuma ya mguu.) Upana huu naupa uzito kuliko unene wa sponji unaobishaniwa kila siku. Baada ya saa nane za kukimbia mguu huwa umevimba. Kidole kikigonga mbele kila mteremko, kucha inakuwa nyeusi na malengelenge yanapasuka. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi, hata ikibidi upande saizi nzima.

Kosa ninaloliona sana kwenye mitumba halihusu uchakavu. Ni raba yenye Gore-Tex, imeandikwa GTX ubavuni. Imetengenezwa kuzuia maji ya baridi yasiingie. Kwa mkimbiaji wa hapa, jasho na maji anayojimwagia yanashuka kupitia kifundo na hayapati pa kutokea, na ngozi iliyolowa saa nyingi huchubuka kwa kugusa tu. Chukua kitambaa cha wavu unachoona mwanga ukipita.

Wapo wanaoutetea mtumba kwa kutaja mbio za Leadville za mwaka 1993 kule Colorado, ambapo Victoriano Churro, mzee wa miaka 55 wa kabila la Rarámuri kutoka Mexico, alishinda maili 100 kwa ndara za mpira wa tairi. Hoja hiyo haitusaidii. Yule alikua katika ndara zile, kwenye milima ile ile ya kwao. Mtoto wa Kisauni aliyevaa viatu vya shule miaka kumi na miwili, hata kama nyumbani alikuwa pekupeku, hana miguu hiyo.

Na kuna mahali ambapo mimi mwenyewe ningesema nunua kipya. Raba za mashindano zenye sponji ya PEBA, ile nyepesi inayodunda sana, na bamba la kaboni huwezi kuzipima kwa kidole gumba, na nyingi huchoka mapema kuliko EVA. Kwenye lundo ziache. Anayekwenda kukimbia milima yenye matope na mawe yaliyolowa, kama mzunguko wa Mont Blanc wenye kilomita zaidi ya 170 na mpando wa karibu mita 10,000, anahitaji soli yenye meno marefu ambayo haijaguswa, na kama ameweza nauli ya Ufaransa asibane kwenye soli. Salomon zenye kamba nyembamba ya kuvuta nazo zikague kifungo chake, kwa kuwa fundi wa mtaani hana cha kuweka kikivunjika.

Kwa mbio za barabara za vumbi na vilima vikavu, mtumba uliopita mitihani hiyo unatosha. Pesa iliyobaki inunue soli ya ndani mpya, kamba mpya na soksi nzuri jozi tatu. Kisha kimbia na kiatu hicho saa nne mfululizo kwenye changarawe za Kwale, wiki sita kabla ya mashindano. Kikikuchubua, bado una muda wa kurudi kwenye lundo.