Kidonge cha Kupe Hakihukumiwi Asubuhi Moja

Juzi Jumamosi, hata chai sijamaliza, Afande jirani yangu ananiita kwenye ua kwa sauti yote, "We Baba Zuleha, kidonge chako feki!" Kidonge chenyewe si changu, mimi nilimwelekeza tu, lakini kufika saa sita Walukuba nzima, mtaa wetu hapa Jinja, imeshajua nauza dawa feki. Ijumaa saa moja jioni ndo alimpa mbwa wake Komando kidonge ndani ya kipande cha nyama, akalala, akaamka, akakuta kupe masikioni mwa mbwa, kesi imeisha. Masaa kumi na mbili! Hata malaria tunaipa siku tatu.

Jamani, hivi vidonge vya siku hizi, hii familia ya akina fluralaner na afoxolaner, havimfukuzi kupe. Dawa iko ndani ya damu, kupe lazima apande, aume, anyonye, ndo imvuruge mishipa ya fahamu afe. Sasa ukimwona kupe juu ya mbwa umeona nini? Hujaona kitu mpaka ujue yuko hai au amekufa. Wanaopima kweli wanachukua makundi mawili ya mbwa, hili linapewa dawa lile halipewi, kila mbwa anawekewa kupe 50, halafu baada ya masaa 48 wanapekua manyoya kidole kwa kidole wanahesabu walio hai. Wiki inayofuata wanawapandishia kupe wapya, tena na tena, mpaka waone dawa inachoka lini. Kule Ulaya ikiua chini ya asilimia 90 ya kupe, wanaoidhinisha dawa hawataki hata kuongea na wewe. Wale mbwa wasiopewa dawa wananiuma roho, kukaa na kupe wote hao kwa ajili ya hesabu za watu, lakini bila wao utajuaje kama kupe wamekufa kwa dawa au jua tu limewamaliza. Haya, nakubali, shingo upande.

Bei nayo najua, kidonge kimoja ni posho na maharage ya nyumba nzima siku kadhaa. Mbwa mwenye kifafa muulize daktari kwanza, Wamarekani walishatoa onyo 2018. Na wewe unayemwogesha mbwa kwa dawa ya ng'ombe uliyopima kwa kifuniko cha soda, na wewe tutaongea siku yako.

Ila kinachonikasirisha hasa ni nusu kidonge. Mwaka juzi duka moja hapa waliniuzia nusu, imefungwa kwenye gazeti, hakuna aliyeniuliza mbwa ana kilo ngapi na dawa yenyewe inapimwa kwa kilo. Mimi nikatulia, si nimempa dawa. Wiki chache baadaye kale kambwa kangu kajike kakapata homa ya kupe, kakaacha kula, pua inatoka damu, ufizi mweupe kama karatasi. Nilikazika nyuma ya choo mvua inanyesha na sikumwambia mtu kwamba nililia. Kwa hiyo mtu akisema "nilimpa, haikufanya" mimi nauliza kwanza, ulimpa ngapi?

Basi Jumapili saa moja jioni nikamwita Afande tuhesabu. Nimekaa juu ya jerikeni, kichwa cha Komando katikati ya magoti, tochi ya simu mdomoni, chupa ya mafuta ya taa pembeni. Katikati ya vidole vya mguu kupe wamekauka wamejikunja, ukimgusa anadondoka kama ganda. Afande anawasukuma na pini, "Mbona hawa hawasogei?" Nikanyamaza, aone mwenyewe. Walio hai watatu. Tukaenda kwa Mama Shamim, mbwa wake hajawahi kuona kidonge, huyo tulitoa 29, wengine wamevimba kama mbegu za mbarika, na kuta zake za matofali matupu zimejaa nyufa ambamo kupe jike mmoja anaacha mayai maelfu, lakini sikusema, ni mgeni wa nani mimi.

Najua, mbwa mmoja mmoja si utafiti, na kabla ya dawa hatukuhesabu. Lakini nikatoa simu nikapiga, 29 toa 3, gawa kwa 29. Asilimia 89 na kitu.

Nikafanya kosa la kumwambia Afande kwamba Ulaya wanataka 90.

"Si nilisema feki!"