Januari 17: Lumumba, volkano na kalenda yetu

Kila Januari 17, chai haijachemka bado, simu za watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, zinaanza kupokea ule ujumbe wa "siku kama ya leo". Mwaka 1706 alizaliwa Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani. Mwaka 1942 akazaliwa Muhammad Ali. Mwaka 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, akauawa; 1995 tetemeko likabomoa Kobe kule Japani, 2002 volkano ikaingia mjini kwetu. Chini kabisa mtu ameongeza: "Hii tarehe ina kitu." Hapo ndipo kundi zima linapogawanyika.

Wanaosema haina kitu wana hoja. Mwaka una siku 365 na historia ina matukio yasiyohesabika, kwa hiyo kila tarehe itapata rundo lake la vilio na vifijo. Tena tarehe yenyewe ni makubaliano ya watu tu. Franklin alipozaliwa Boston, kalenda ya kwao ilisema Januari 6. Amehamia 17 kwa sababu Uingereza na makoloni yake yalibadilisha kalenda mwaka 1752 na kuruka siku 11. Wangeikataa kalenda mpya, leo asingekuwemo kwenye ujumbe. Na Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulilipuka Januari 10 mwaka 1977, kisha Mei 22 mwaka 2021. (Najua kuna atakayedakia "Januari mara mbili!" Basi na aieleze hiyo Mei.)

Kwa Ali, Kobe na Franklin nakubaliana nao moja kwa moja. Kwa Lumumba nasita.

Jumanne ile ya 1961 Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa kwa ndege hadi Elisabethville (Lubumbashi ya leo), katika Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, wakapigwa, na usiku wakapigwa risasi porini nje ya mji. Jioni hiyohiyo kule Washington, Rais Eisenhower alikuwa akiwaaga Wamarekani kwa hotuba, akiwaonya juu ya nguvu za jeshi na viwanda vya silaha. Ukikutana nayo kwenye orodha utasema ni sadfa. Lakini Eisenhower alikuwa anaondoka Januari 20 kumpisha Kennedy, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba waliotaka Lumumba aondolewe waliharakisha kwa hofu kuwa rais mpya angebadili msimamo. Ikiwa ni hivyo, hotuba ya kuaga na risasi za Katanga zilisukumwa na tarehe ileile, Januari 20.

Halafu tarehe hii ilifichwa. Serikali ya Katanga ilitangaza kifo hicho Februari 13 tu, ikidai mateka walitoroka wakauawa na wanakijiji. Bunge la Ubelgiji lilipofanya uchunguzi wake, ripoti ya 2001 ilitaja hata dakika: kati ya saa 3:40 na 3:43 usiku. Mtu akiniambia tarehe ni namba tu, namjibu kwamba kuna watu waliojitahidi sana namba hii isijulikane.

Kuna pia tarehe zinazochaguliwa. Jino la Lumumba, lililobaki mikononi mwa polisi Mbelgiji aliyesaidia kuuharibu mwili, lilirudishwa mwaka 2022, likazikwa Kinshasa Juni 30, siku ya uhuru. Huko hakuna wa kusema bahati.

Sasa Goma. Januari 17 ni sikukuu ya taifa, ya Lumumba, na sina ugomvi nayo. Lakini Alhamisi ile ya 2002 lava ilipasua mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikala kanisa kuu la Saint-Joseph, ikashuka hadi ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda. Hotuba za sikukuu hiyo zinamtaja shujaa. Wafu wa volkano hupata sentensi moja, wakipata. Rafiki yangu mwalimu anaona tofauti: anasema bila hiyo sikukuu tungekuwa kazini wote, na hata hiyo sentensi isingekuwepo. Huenda. Ila naona watoto wake wanamjua Lumumba vizuri, na ile lava wanaijua kama mawe ya kujengea.

Mama jirani yangu, muuza makaa, hana haja na tarehe. Yeye huhesabu "mbele ya volkano" na "nyuma ya volkano", yaani kabla na baada yake. Nyumba yake ya kwanza iko chini ya hii ya sasa, na ukuta wa uani ameujenga kwa mawe meusi yaleyale yaliyoifunika. Nilipomtajia Januari 17 alinitazama kidogo. "Ile siku sikuuliza tarehe," akasema, "niliuliza batoto biko wapi." Kisha akataka kujua kama kesho soko litafunguliwa, maana ni konje, siku ya mapumziko, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia yake iko njiani.